Kemia oganiki ya kiangazi, nikiisomea Ntinda: nyota nne kati ya tano

Wadogo zangu wa Bombo na Jinja mliopata ufadhili wa kwenda kusoma Marekani mnaniuliza swali lile lile kila mara: je, inafaa kuchukua kozi ngumu ya sayansi wakati wa likizo ndefu, ili muhula mmoja ubaki wazi ukasome nchi nyingine? Mimi nimeshafanya hivyo. Nilichukua Kemia Oganiki ya Kwanza, yaani kemia ya kampaundi za kaboni, kwa njia ya mtandao, wiki nane, kutoka chuo kimoja cha Marekani, nikiwa nyumbani kwa shangazi Ntinda, Kampala. Mwisho wa mwezi huu naelekea Geneva kwa muhula wa masomo ya afya ya jamii. Kozi naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya namna mitihani inavyosimamiwa, na hilo nitalieleza kwa kirefu, maana linawagusa mabinti wanaovaa hijabu na yeyote anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa. Jina la chuo silitaji. Kozi za aina hii zinafanana sana kutoka chuo hadi chuo, na malalamiko yangu ofisi yao imeshayapokea kwa maandishi.

Mjue kwanza nilianzia wapi, ili mpime maneno yangu. Baba ni mwanajeshi mstaafu, kwetu tunaongea Kinubi na Kiswahili, na S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, nilisoma Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikapata nafasi katika chuo kidogo kaskazini mashariki mwa Marekani. Huko hakuna kuingia udaktari moja kwa moja kama hapa. Hapa kwetu mtu mwenye alama nzuri za Biolojia na Kemia anatoka S6 na kuanza MBChB, shahada ya udaktari, miaka mitano, katika chuo kikuu cha Makerere au Mbarara au Gulu, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kule unasoma shahada ya kwanza miaka minne, yoyote uitakayo, na ndani yake unapenyeza masomo ambayo vyuo vya udaktari vinayadai: mwaka wa biolojia pamoja na maabara, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia oganiki, mwaka wa fizikia, muhula wa biokemia, na mara nyingi takwimu na uandishi wa Kiingereza. Baada ya hapo ndipo MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, halafu maombi, halafu miaka minne mingine. Nitasema wazi hapa hapa: kama lengo lako ni udaktari peke yake, na una alama za kuingia Mbarara, nenda Mbarara. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu, na vile vinavyopokea ni ghali mno. Mimi nilipewa ufadhili wa shahada ya kwanza, nikaona ni haki yangu kuutumia wote, na njia ya udaktari niiache wazi kwa pande zote mbili.

Sasa tatizo lenyewe. Kemia hizi zimefungamana kama mabehewa ya treni. Kemia ya jumla lazima iishe ndipo uingie Oganiki ya Kwanza, Oganiki ya Kwanza iishe ndipo ya Pili, ya Pili ndipo biokemia. Na katika chuo changu, kama ilivyo katika vyuo vingi vidogo, Oganiki ya Kwanza hufundishwa muhula wa vuli tu, na ya Pili muhula wa baada ya Krismasi tu. Ukiwa Geneva vuli yote, umeikosa ya Kwanza, na ukiikosa ya Kwanza unasubiri mwaka mzima. Hii ndiyo sababu wanafunzi wengi wanaotaka udaktari hawasafiri kabisa. Wenzao wa historia na uchumi wanakwenda Hispania, Ghana, Japani, wao wamekaa maabara.

Mama alinisikiliza nilipomweleza haya kwa simu, akauliza, "Mwanangu, wewe tayari uko ng'ambo. Ng'ambo gani nyingine unayoitafuta?" Swali la haki. Nilimjibu kwamba Geneva ndipo yalipo makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, na Mfuko wa Kimataifa wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria uko huko huko, na maamuzi kuhusu dawa zinazofika zahanati ya Bombo yanaanzia kwenye meza za watu wa mji ule. Nataka kuona meza hizo nikiwa bado nasoma, kabla sijavaa koti jeupe na kukosa muda. Akasema, "Haya, basi kasome hiyo kemia kwanza, tena uisome hapa nyumbani nikuone."

Ndipo nikaitafuta kozi ya mtandaoni ya kiangazi. Ningeweza kubaki Marekani nikaisoma darasani, lakini mabweni ya kiangazi yanalipiwa, chakula kinalipiwa, na ufadhili wangu haufiki miezi ya Juni na Julai. Kozi yenyewe ilikuwa dola 2,400, karibu shilingi milioni 9 za Uganda. Chuo changu kilinipa nusu kutoka mfuko mdogo wa wanafunzi wanaokwenda kusoma nje. Nusu nyingine ni akiba ya kazi yangu ya maktaba na mchango wa mjomba. Kitabu nilikikodi cha kielektroniki. Hayo ya fedha yanatosha.

Niseme kuhusu kasi, kwa sababu kasi ndiyo kozi. Muhula wa kawaida una wiki 14 au 15. Yale yale yote yanabanwa kwenye wiki nane, kwa hiyo kila wiki ya kiangazi unabeba karibu wiki mbili. Wiki ya kwanza walipitia vifungo vya kikemia, maumbo ya molekuli, asidi na besi. Wiki ya pili tayari tumo kwenye stereokemia, yaani jinsi atomi za molekuli zinavyoelekea huku au kule. Wiki ya tatu na ya nne ni ile mimenyuko ambayo kila mwanafunzi wa oganiki anaijua kwa majina yake, SN1, SN2, E1 na E2, ambapo unapewa kampaundi na mazingira yake na unatakiwa useme ipi itatokea na kwa nini. Baadaye alkini, alkaini, radikali huru, alkoholi, na mwisho namna ya kutambua molekuli kwa spektra za IR na NMR, michoro ya vipimo vya mionzi ya infraredi na vya usumaku wa viini vya atomi. Ukiugua homa ya siku mbili, umekosa sura nzima ya kitabu. Hakuna nafasi ya kusema "nitasoma wikendi", kwa sababu wikendi ina kazi zake.

Hapa nina habari njema kwa watoto wa Uganda. Kemia yetu ya S5 na S6 imetupa mtaji mkubwa kuliko tunavyojua. Yale maswali ya UNEB, baraza letu la mitihani, ya kuandika utaratibu wa mmenyuko kwa mishale inayoonyesha elektroni zinakohamia, na yale ya kubadilisha kampaundi moja kuwa nyingine kwa hatua mbili tatu, ndiyo moyo wa oganiki ya Marekani. Wenzangu wengi darasani walikuwa wanakutana na mshale uliopinda kwa mara ya kwanza. Mimi mkono ulikuwa umeshazoea. Kilichokuwa kipya kwangu ni NMR, ambayo shuleni kwetu hatukuigusa, na stereokemia kwa kina kile. Basi ukitoka hapa usitupe madaftari yako ya S6. Mimi nilituma yangu yaletwe kutoka Bombo, na yalilala juu ya meza mpaka siku ya mwisho.

Tofauti ya saa nayo ilinipendelea, jambo ambalo sikulitarajia. Kiangazi Kampala tunaitangulia pwani ya mashariki ya Marekani kwa saa saba. Darasa lao la saa nne asubuhi kwangu lilikuwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, likiisha saa moja na nusu usiku. Asubuhi yote ilikuwa yangu, kichwa kikiwa kipya. Kazi za nyumbani zilitakiwa ziwasilishwe usiku wa manane wa kwao, yaani saa moja asubuhi ya kwetu. Wenzangu walizimaliza wakisinzia; mimi nililala, nikaamka kwa swala ya Alfajiri, nikakaa kwenye baraza ya shangazi na kikombe cha chai ya tangawizi na kurekebisha maswali yaliyonishinda usiku. Saa ile ya alfajiri hadi saa moja naithamini kuliko mhadhara wowote. Usumbufu ulikuwa kwenye kipindi cha mazoezi ya pamoja, kilichoangukia saa tatu usiku, wakati nyumba nzima inataka televisheni.

Profesa mwenyewe anastahili nyota zote tano. Hakuwa mtu wa kusoma slaidi. Alichora kwa mkono mbele ya kamera, taratibu, akisimama kila mshale kuuliza elektroni zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Nilimwandikia mapema kwamba swala ya Magharibi huku inaingia katikati ya darasa, kabla kidogo ya saa moja usiku. Hakuniuliza zaidi. Tangu siku iliyofuata mapumziko ya dakika kumi yakahamishiwa dakika ile ile, na darasa zima la watu kutoka majimbo tofauti likawa linapumzika kwa saa ya adhana ya Ntinda. Sijasahau wema ule.

Na ngoja niwaeleze somo moja ili mwone kwa nini naipenda kozi hii. Tulikuwa kwenye molekuli ambazo atomi zake ni zile zile, zimeungana kwa mpangilio ule ule, ila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, na huwezi kuigeuza hii ikalala sawasawa juu ya ile. Wanafunzi wa Marekani walikuwa na visanduku vya vijiti na mipira ya plastiki vya kujengea molekuli. Changu hakikuwa kimefika, kilikuwa njiani na sanduku la mizigo. Nikachukua plastisini ya binamu yangu wa darasa la nne na vijiti vya meno: kaboni nyeusi katikati, pembeni nyekundu, bluu, kijani na njano. Nikajenga moja, nikamwambia yeye ajenge ile inayoonekana kwenye kioo cha kabati. Tukaziweka mezani. Alizigeuza, akazilaza, akazisimamisha kichwa chini miguu juu, kila akipatanisha nyekundu na bluu, kijani na njano zinakataa. Akaniambia, "Dada, mojawapo umeikosea." Hakuna iliyokosewa. Alipoelewa hilo alinyamaza, akaanza upya kuzijenga zote mbili kwa mikono yake mwenyewe.

Siku iliyofuata Profesa alituomba kila mtu alete darasani, popote alipo, nanaa na kisibiti. Mimi nilishuka soko la Nakasero asubuhi na boda. Nanaa ilikuwa rahisi, fungu bichi la kutilia chai. Kisibiti nilikipata duka la tatu la viungo, kwa muuzaji aliyenipimia kwa kijiko akitaka kujua nampikia nani pilau. Jioni Profesa akatuambia tuponde na kunusa. Kijana mmoja wa Minnesota hakuwa na mbegu, akawa na mkate wa shayiri nyeusi wenye kisibiti ndani yake, akanusa huo. Halafu Profesa akachora molekuli iitwayo kavoni. Ile ya upande mmoja, inayoitwa R, ndiyo harufu kuu ya nanaa. Ile ya upande wa pili, inayoitwa S, ndiyo harufu kuu ya kisibiti. Atomi zile zile, idadi ile ile, vifungo vile vile. Pua yako, kwa kuwa nayo imejengwa kwa molekuli zenye upande, inazitofautisha papo hapo. Nilikaa na majani mkono huu na mbegu mkono ule, nikinusa huku na huku, na nikaelewa katika dakika ile kwa nini daktari lazima ajue kemia hii.

Kutoka hapo akaingia kwenye thalidomaidi, dawa iliyouzwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 kwa usingizi na kichefuchefu cha wajawazito, ikaondolewa sokoni 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Watu husema laiti wangeuza upande mmoja tu wa molekuli ile. Alituonyesha kwamba haingetosha, kwa sababu ndani ya mwili pande hizo hugeukiana. Kozi ya wiki nane ingeweza kuliruka hili. Hakuliruka.

Insha ya mwisho kila mtu alichagua dawa moja. Mimi nilichukua ile tuipatayo zahanati zote za Uganda, atimetha na lumefantrini, ambayo serikali iliipitisha mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Atimetha inatokana na atemisinini ya mmea wa pakanga, ugunduzi uliompatia Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nguvu yake imo kwenye daraja la oksijeni mbili ndani ya molekuli. Inaua vimelea haraka na kutoweka mwilini haraka. Lumefantrini hubaki siku nyingi ikimalizia kazi, na inatolewa ikiwa mchanganyiko wa pande zote mbili, R na S kwa pamoja. Na kwa kuwa inapenda mafuta, mwili huifyonza vizuri ukiimeza na chakula chenye mafuta. Nimeambiwa na wauguzi wa Bombo tangu utotoni nisimeze dawa hii tumbo tupu. Kuichora molekuli ile ndefu na kuona mwenyewe kwa nini walisema vile, hiyo peke yake kwangu ililipa nusu ya ada.

Msaada mwingine niliupata Wandegeya, si mtandaoni. Nilimtafuta dada wa mwaka wa tatu anayesoma kemia Makerere, tukakubaliana shilingi 30,000 kwa kila kikao cha jioni ya Ijumaa au Jumamosi. Tulikaa kwenye kibanda cha juisi karibu na taa za barabarani, tukichorana mishale kwenye karatasi za nyuma ya fotokopi, rolex, zile chapati zilizoviringishiwa mayai, zikipoa pembeni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma spektra ya NMR kuanzia kuhesabu aina za hidrojeni kabla ya kutazama kitu kingine. Kama utasomea Kampala, mtafute mtu wa namna hii kabla kozi haijaanza. Vikao vya mtandaoni vya saa tatu usiku havikuwa na subira ile.

Sasa mitihani. Inasimamiwa na kampuni ya nje kwa kamera ya kompyuta yako. Mtu usiyemjua, aliye mbali, anakuangalia muda wote na programu yao inafunga kila kitu kingine. Mtihani wa kwanza nilipojiunga, msimamizi, mwanamume, aliniandikia nioneshe masikio ili athibitishe sikuvaa vipokea sauti. Nilimjibu nimevaa hijabu. Akarudia sentensi ile ile. Nikaomba msimamizi mwanamke. Akasema hana utaratibu huo na dakika zinakwenda. Nilikaa nikiitazama saa ya mtihani ikipungua huku maswali bado yamefungwa. Mwishowe walinihamishia kwa mwanamke, nikaonesha, nikafunika, nikaanza mtihani mikono ikitetemeka. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kuingia kwenye mtihani wa kemia akiwa amefikishwa hapo.

Mtihani wa katikati ya kozi umeme ulikatika mtaa mzima. Nilikuwa nimejiandaa: betri ya kompyuta imejaa, simu ina bando. Lakini ile sekunde ya kuhama kutoka intaneti ya nyumbani kwenda ya simu, programu ilinitoa na kunifungia, maswali mengi bado. Msaada wa kampuni ulisema kanuni ni kanuni. Ofisi ya kozi ilijibu baada ya wikendi, ikitaka ushahidi wa kukatika umeme. Nikawapelekea picha ya tangazo la kukatika umeme na barua fupi ya mwenyekiti wa mtaa yenye mhuri. Wakanipa mtihani mwingine wenye maswali mapya. Nashukuru walinipa. Ila wikendi ile sikulala, na darasa lilikuwa limeshasonga mbele. Kwa mtihani wa mwisho nilikodi chumba kidogo kwenye ofisi za pamoja zenye jenereta, na ningemshauri mwanafunzi yeyote wa Kampala afanye hivyo kuanzia mtihani wa kwanza. Ni gharama ambayo haipo kwenye tangazo la kozi.

Matokeo yangu ni B+. Nimeridhika nayo. Lakini mfahamu jambo ambalo washauri wengine hawalisemi mapema. Chuo changu kimezipokea krediti, yaani kozi inahesabiwa kuelekea shahada yangu, na alama yenyewe haiingii kwenye wastani wangu wa pale. Mkiomba udaktari Marekani, hata hivyo, mfumo wa maombi unadai alama za kila chuo cha huko ulichowahi kusoma na unazihesabu zote. Kozi ya kiangazi haijifichi. Vilevile, vyuo vya udaktari havina msimamo mmoja kuhusu masomo ya mtandaoni, na kwa maabara vingi vinataka uwe umesimama mwenyewe mbele ya meza na miwani ya kinga usoni. Ndiyo maana nilichukua mihadhara peke yake, na maabara nitaifanya chuoni nikirudi Januari, sambamba na Oganiki ya Pili. Shirika la vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, lina orodha ya masharti ya kila chuo. Isome kabla hujalipa hata senti. Na mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, akumbuke kwamba kiangazi ni likizo halali kwake, hivyo kukaa Kampala hakukuniletea shida, lakini muhula wa Geneva ulihitaji saini za ofisi ya wanafunzi wa kigeni mapema, kabla sijapanda ndege ya kuja nyumbani.

Nani asiichukue? Mtu mwenye kazi ya kutwa. Mtu ambaye kemia ya jumla ilimtoka kwa C na matumaini. Na kuna wanaochukua Oganiki ya Kwanza na ya Pili zote ndani ya kiangazi kimoja. Niliwaona wawili waliokuwa na mpango huo, na kwa maoni yangu wanajinyima kitu, kwa sababu mimenyuko hii inahitaji ilale kichwani na kuamka tena ndipo ikae. MCAT haitakuuliza ulimaliza lini. Ni mtihani wa zaidi ya saa saba ukijumlisha mapumziko, una sehemu nne, na oganiki imetawanywa ndani yake pamoja na biokemia na biolojia. Mimi nakwenda Geneva na daftari moja la mimenyuko, nitaichora upya kila Jumapili.

Fizikia nitaichukua kiangazi kijacho, ila hiyo nitaisoma darasani Marekani kwa sababu ya maabara, na nimeshaanza kuweka akiba ya bweni. Kuhusu usimamizi wa mitihani, niliandika barua ndefu kwa ofisi ya kozi baada ya matokeo, nikieleza lile la hijabu na lile la umeme. Wamejibu wiki hii: kuanzia muhula ujao mwanafunzi ataweza kuomba msimamizi mwanamke anapojisajili, na intaneti ikikatika atapewa dakika kumi na tano za kurudi kabla mtihani haujafungwa. Mkijisajili ombeni yote mawili kwa maandishi wiki ya kwanza, na jibu lao mlihifadhi.